Mieleka ya Kumwinua Bwanaheri

Jumatatu, Mfungo Mosi tatu, mwaka 1303

Andika, wifi Mina, wewe ndiye uliyekaa chuoni. Andika mimi Mwajabu wa Dunda nimepata shauri! Bwanaheri, bingwa wetu wa mieleka, tangu ateguke nyonga yu kitandani, uso ukutani, hasemi na mtu. Na mke hana, kafiwa mwaka juzi. Basi nitamwekea mieleka mlangoni pake, kwa heshima yake! Asikie vishindo, moyo umrudi, ainuke, aulize ni nani huyu aliyenikumbuka. Ni mimi! Mfungo Pili haujaandama kashaniposa.

Mina kacheka. Nimemwambia aandike na kicheko chake.

Jumanne, nne

Mwaija kanusa! Ndiye jirani anayempelekea Bwanaheri uji kila asubuhi, uji wenyewe maji matupu. Kaniuliza vyungu vikubwa vyote hivi nimeazima vya nini. Nikamwambia havimhusu. Akasema, ati mwanamke asiye na jino la mbele anatafuta mume kwa vyungu? Nikamjibu mume hang'atwi.

Nimekataza mtu kumwambia Bwanaheri. Nataka ashtuke!

Alhamisi, sita

Majamvi kumi mbele ya mlango wake! Wanawake wanachambua mchele, wananong'ona, maana nimewaambia asiyenong'ona hali. Wapiga mieleka wanane wamekaa wameinamisha vichwa, wanangoja kesho. Mimi mlangoni, na kaniki yangu mpya, nyeusi ti! Wapita njia wananishika mkono, wananipa pole. Nikasema kweli nimechoka, nikazipokea zote. Mmoja wa Fukayosi kachungulia tu, kakimbia kurudi kwao. Ana haya kubwa huyo.

Ijumaa, saba

Salaala! Wamekuja watani wa Bwanaheri, Fukayosi nzima, wanalia na kucheka kama watani wafanyavyo msibani. Wameambiwa kafa! Mmoja kavaa kanzu ya Bwanaheri, anachechemea, anasema yeye ndiye maiti na anataka tambuu. Mkubwa wao, Mwinyimvua, kaingia ndani kubeba kitanda, ati haki ya mtani. Kamkuta marehemu juu yake, kakodoa macho.

Marehemu kamwuliza anakwenda wapi na kitanda chake. Mwinyimvua kamjibu wafu hawana vitanda, akikitaka atoke nje amwangushe kwanza.

Akainuka! Wallahi, Bwanaheri akainuka! Kwa mguu mmoja na nusu, mpaka jamvini, akamkamata Mwinyimvua kiunoni, akambwaga ndani ya pilau yangu! Dunda nzima ikapiga vigelegele. Wapo wanaosema Mwinyimvua kajiangusha. Kama kajiangusha, kajiangusha vizuri. Bwanaheri kacheka hata machozi, kisha akakaa awe mwamuzi wa wale wanane hadi alasiri, anawapigia kelele mmoja mmoja, anawafundisha.

Halafu kauliza nani kafanya haya. Nikajitokeza, nimejitia manukato. Ati, ni wewe uliyenitandikia matanga ningali hai? Mwaija huyo, kapita na bakuli, kasema yeye uji humletea mtu mzima, si maiti. Watu wakaangua kicheko!

Jumapili, tisa

Bwanaheri kenda msikitini kwa miguu yake. Akitoka huko, kamposa Mwaija. Uji!

Mimi kosa langu ni moja tu, majamvi yalikuwa machache.

Lakini Mwinyimvua bado yuko mjini. Mkewe kamwacha, na kifua kipana anacho. Mtu kama huyo afanyiwe mashindano ya punda, Dunda mpaka pwani, atiwe moyo! Nimemfuata asubuhi, nimemwuliza anaumwa wapi. Kasema haumwi popote.

Nikamwambia asikate tamaa.