Pazia la Mlango wa Dharura

Julai 3, Jumatatu
Habari kubwa! Ijumaa anakuja mkaguzi wa usalama kazini, Bibi Minowa. Bosi, Bwana Kasahara, katutangazia baada ya mazoezi ya viungo ya asubuhi, jasho likimtiririka. Msimamizi atakayekutwa na kosa ataadhibiwa. Atakayekutwa safi ndiye naibu mkuu mpya wa Idara ya Maji. Yaani mimi! Au Negishi wa maji taka. Lakini hasa mimi.

Tatizo dogo: mlango wa dharura wa kituo changu cha pampu umezibwa na maboksi ya kofia ngumu mpya. Negishi kayaona. Kaniuliza moto ukiwaka nitatokea wapi, bombani? Mwanamke huyu ananitafuta.

Julai 5, Jumatano
Nimepata dawa! Kuhamisha maboksi kwa joto hili, nani anaweza? Nimeyafunika kwa pazia la bluu, juu yake bango la Wiki ya Usalama. Limependeza mno!

Halafu mazoezi. Kazini kwetu kitu hunyooshewa kidole na kutajwa kwa sauti kabla ya kuguswa: vali imefungwa, sawa! Watu wangu walikuwa wakinong'ona tu, wavivu hawa. Nimewapigisha kelele mpaka wakapwelewa na sauti. Nimewaamuru wasipite kitu kimyakimya, hata sisimizi. Mzee Iwabuchi, fundi wa pampu, kawashinda wote. Nimemnunulia chai ya shayiri, ya baridi. Negishi akachungulia, akauliza nani kafiwa. Wivu huo!

Julai 7, Ijumaa
Nimekwisha.

Mwanzo ulikuwa mtamu! Iwabuchi mbele, glavu nyeupe, kidole hewani. Vali, sawa! Presha, sawa! Bibi Minowa akaitikia kwa kichwa, karibu atabasamu. Moyoni nilishaanza kujiita naibu. Tukafika kwenye pazia. Nikamkonyeza Iwabuchi apite. Akasimama, akalifunua, akanyoosha kidole: "Mlango wa dharura umezibwa, sawa!"

Mkaguzi akamwomba arudie. Akarudia, tena kwa sauti kubwa zaidi!

Nilipomuuliza kwa nini kaniua, kanishangaa: "Si ulisema tusipite kitu kimya, mkuu?"

Idara imepigwa faini. Mimi nimepewa onyo, jina langu limebandikwa ubaoni, na adhabu juu: kutundika mabango ya usalama kituo kizima. Naibu ni Negishi. Imeniuma. Nimelia kidogo chooni.

Julai 10, Jumatatu
Nimeamka na nguvu mpya! Adhabu gani hii? Ni nafasi ya kuonekana! Mabango yanaonya watu wasianguke kutoka juu. Nitayapandisha mpaka karibu na dari, Bibi Minowa akirudi aone nani hasa anajali usalama.

Ngazi iko kwa Negishi. Katuma ujumbe nikaichukue, eti nisije nikavunjika kiuno. Nikamwombe yeye? Thubutu! Nimeazima kiti cha ofisini cha bosi. Na uzuri wake kina magurudumu: nikimaliza bango moja sina haja ya kushuka, najisukuma tu kwa ukuta hadi la pili.