Kanape ya Tata Kabongo

Kazi Moja, 4 Mars 1974
Nimefahamu dunia yote mbele ya kumaliza chai! Redio inasema: Bulaya na Japon, batu ba mushahara banazidi. Kila mumoja anataka motokari, frigo, televizyo. Ndani ya yote, nyuzi ya shaba. Shaba inatoka wapi? Hapa kwetu Kolwezi! Basi mushahara ya kambi ya mine inapanda, na batu ba hapa Dilala, mutaa yetu, nabo banataka kukaa muzuri. Nani atabakalisha? Mi, Ngeleka, Citoyen Mukurugenzi! Nitafanya makanape, kiti murefu ya kukalia batu batatu. Mukalay, seremala wa avenue yetu, anatengeneza biti bya jikoni tu. Maskini.

Nilipeleka mashini ya kushona ya muke wangu Bilonda kwa Numbi muuza mbao, aishike rehani, akanipa mbao. Bilonda hajajua.

Kazi Tatu, 6 Mars
Amejua. Ee Mungu wangu! Ile mashini njo inavalisha batoto betu. Amesema isiporudi mbele ya Yenga, siku ya misa, niende kulala kwa kaka yangu kule Sandoa. Nilimuapia: Tata Kabongo, kapita anayesimamia batu ba mine, anapokea bakwe siku ya Posho, ile ya mbele ya Yenga, anataka kanape. Atalipa na unga ya posho yake ya kazi, nayo nitalipa Numbi, aachilie mashini.

Niliiga picha ya katalogi ya Bulaya. Ndefu, nene, ya kifalme! Mukalay akapita, akauliza kama nilipima mulango wa Kabongo. Wivu mutupu.

Posho, 9 Mars
Haiingii! Kila nyumba ya kampuni iko na mulango mumoja, mwembamba, Dilala nzima inajua. Tulijaribu dirisha. Aibu! Kabongo aliuliza kama bakwe batakaa barabarani na mbuzi. Bilonda akalia. Roho iliniuma kabisa.

Mukalay akaleta musumeno. Akaikata bipande tatu! Nilipiga kelele kama muntu anachinjwa. Akaniambia nishike mbao, nifunge kinywa. Akapigilia miguu, Bilonda akafunika bidonda na bitenge byake.

Yenga, 10 Mars
Jana bakwe bakakaa, kila muntu na kiti yake, kama baminista! Leo, kutoka misa, kambi yote inataka ile ile. Kabongo alilipa unga, mashini imerudi. Kuisikia inalia tena mu nyumba, nilitoka machozi ya furaha. Bilonda anashona mito, Mukalay anakata, mi natafuta bateja. Hii njo kiwanda!

Kesho naanza kabati ya nguo, ile ya katalogi, inafika juu mu plafon, kwenye dari. Mukalay akauliza tena juu ya mulango. Nilimujibu mulango si kazi ya mukurugenzi.

Mbao nimekwisha kupata kwa Numbi. Bilonda ataona tu saa ya kulala kwamba kitanda haiko.