Albamu Iliyozidi Utamu

Idara ya Ustawi wa Masikio inatangaza kwa furaha kwamba albamu ya mpiga chapa wake imesikilizwa, imependwa, na kwa sababu hiyo itarekebishwa.

Mpiga chapa aliichapa barua hiyo mwenyewe, nakala nne. Miaka mitatu alijifungia stoo ya mafaili kila mapumziko ya mchana: leo anarekodi fidla, kesho tarumbeta, Ijumaa kwaya ya shangazi zake. Ukuta wa stoo ni ubao mwembamba. Upande wa pili kuna ofisi ya Mwenyekiti. Na bila muhuri wa Kamati ya Idara, redio haigusi albamu yoyote.

"Ni tamu mno, binti," alisema Mwenyekiti. "Mwananchi akizoea utamu wa hivi, kesho atadai na maji."

Mjumbe wa kwanza aliona fidla zinapandisha matumaini bila kibali. Zikatolewa. Tarumbeta lilikuwa na kiburi. Shangazi tisa mahali pamoja walikuwa mkusanyiko. Sauti ya mpiga chapa mwenyewe ilikuwa na maneno, na maneno yana tabia zake. Mjumbe wa mwisho alizinduka usingizini, akaomba radhi, akaondoa ngoma.

"Sasa kimebaki nini, mzee?"

"Mluzi wako. Ndicho kiini."

Fundi mitambo akafuta alivyoagizwa. Mpiga chapa akavaa vipokea sauti, akasikiliza kiini. Akavivua. Akavivaa tena. Kisha akabisha hodi kwa Mwenyekiti.

"Mzee, huisikilizi tena kabla ya muhuri?"

"Unanifundisha kazi? Nilishasikiliza. Lete hapa."

Muhuri ukashuka, paa! Imehakikiwa.

Saa saba mchana redio zote zikaipiga albamu. Mluzi mwembamba, na nyuma yake, kupitia ubao, sauti ambayo mji mzima unaijua: "Maombi ya maji ya mtaa wa chini? Yakunje, weka chini ya mguu wa meza. Inayumba."

"Huo ulikuwa wimbo wa kwanza," akasema mtangazaji. "Zimebaki kumi. Kazi yenye muhuri haikatizwi."

Kabla ya wimbo wa nne, shangazi tisa walikuwa ofisini, kila mmoja na ndoo yake tupu. Yule wa sauti nene aliinama, akainua meza, akachomoa karatasi iliyokunjwa. Jina lake lilikuwa la kwanza. Meza ikainama, chai ikammwagikia Mwenyekiti mapajani.

"Mkusanyiko huu una kibali?" akafoka.

"Si ulitutoa kwenye wimbo, baba?" shangazi akasema, akaikalia ndoo yake. "Basi tutaimbia hapa hapa."