Albamu Yangu na Watu Wasiojua Kunyamaza

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Kabati.
Leo historia ya hip hop imeanza Kitui. Imeanzia kwa stoo ya mahindi ya mjomba, kando ya kinu cha posho, lakini lazima ianzie mahali. Nimebandika trei za mayai ukutani zizuie kelele za kinu. Kinanda nimekitoa kanisani. Nilimwambia shemasi kinahitaji fundi. Fundi ni mimi. Jumamosi bwana mmoja wa kampuni ya kanda, Nairobi, atapitia hapa akienda matanga Tawa. Atanisikiliza mara moja tu. Akinipenda, kwaheri kazi ya kuchaji betri za watu hapa kinuni! Asiponipenda, mjomba amesema nitachaji mpaka nizeeke.

Jumanne, 5 Agosti.
Nimealika waimbaji watatu. Mutie, rapa, aliyekaa Dandora, Nairobi, wiki mbili akarudi akitembea kama ameteguka nyonga. Mbula, sauti ya kwanza ya kwaya, dada ya shemasi. Na Karanja wa duka la kaseti, ambaye hajui kuimba. Huyo nimelazimishwa. Maikrofoni ni yake, na anasema haiendi popote bila yeye. Mshamba!

Jumatano, 6 Agosti.
Kurekodi. Biti, mdundo wangu wa kinanda, ikaingia, nikampa Mbula ishara aanze kiitikio. Akasema Bwana asifiwe. Akangoja. Ikabidi tuitike. Akajitambulisha: jina, mume, kanisa, ameokoka tangu 1983. Kisha ushuhuda! Jinsi punda alivyomkimbiza mpaka akapanda juu ya paa la choo, paa likavunjika, na choo kilikuwa na mtu. Dakika kumi na nne. Nilimwomba aende moja kwa moja kwa wimbo. Akaniuliza kama kwetu watu huanza kuongea bila kusalimia, na kama kinanda cha kanisa kimepona. Nikasema Amina, mama, endelea.

Alhamisi, 7 Agosti.
Mutie amekuja na miwani ya jua, kwa stoo isiyo na dirisha. Nikafurahi; huyu ni wa kisasa. Kumbe mama yake amemfuata na uji, amesimama mlangoni. Jambazi wangu akavua kofia, akasalimu kwa jina la Yesu, akaomba radhi kwa maneno atakayosema. Halafu hakuyasema. Mistari minne, na yote ni ya heshima! Karanja naye akasoma salamu za wateja thelathini na mmoja, kutoka Tseikuru mpaka Tawa, akamalizia kwa kueleza duka lake liko wapi. Kaseti ni moja, dakika sitini. Hip hop imepata tisa. Kurudia siwezi: Mbula akikasirika, kinanda kinaenda. Nitamwambia bwana wa Nairobi kwamba hiyo yote ni utangulizi.

Jumamosi, 9 Agosti.
Amekuja. Alianza kusikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Kwa punda akaketi. Kwa paa la choo akacheka mpaka akatoa kitambaa, akarudisha kanda mara tatu. Moyo wangu! Nikamwambia produsa ni mimi. Akaniuliza kama naweza kuondoa hiyo kelele inayomsumbua mama. Kelele! Biti ya miezi saba! Mbula anaenda Nairobi kurekodi kanda nzima ya ushuhuda. Karanja ataiuza Ukambani kote. Mutie amepata kazi ya kubeba mizigo ya Mbula, na anaringa. Mimi nimeambiwa na shemasi nirudishe kinanda kabla ya ibada. Niliingia stoo nikalia kidogo. Nimeandika “kidogo”, lakini nililia saa nzima.

Jumapili, 26 Oktoba.
Kanda ya Mbula inapigwa kila hoteli. Mwanzoni anashukuru Mungu, mume, shemasi, Karanja, hata punda. Mimi, hapana. Na ile betri inayoipiga hotelini kwa Ndila nimeichaji mimi kwa mikono yangu! Iliniuma. Lakini leo nimeliona kosa. Kosa lilikuwa kualika watu. Albamu ya pili ni mimi peke yangu: hakuna salamu, hakuna ushuhuda, biti tangu sekunde ya kwanza. Ila lazima wasikilizaji wajue kwanza mimi ni nani, nilianzia wapi, na ni nani walinikosea, kwa majina. Nimeanza kuandika maelezo mafupi ya kusoma. Niko ukurasa wa kumi na tisa, na bado sijatoka darasa la tano.