Mfupa Usio na Matundu

Wananchi wote wa Bunia walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba Zaire imekomesha ulemavu wa mifupa. Kamati ya Mfupa wa Taifa, chini ya Président wake, Sitwayeni (yaani Raia) Katsuva, ilikuwa imekwisha kuundwa, kuapishwa na kupigwa picha. Lilibaki jambo dogo tu, mfupa wenyewe.

Mfupa huo aliutengeneza Daktari Vahwere. Alikanda unga wa madini, akauoka kwenye tanuri, kikatoka kipande cheupe chenye vitundu kama mkate. Kilikuwa cha Mama Émilienne, muuza viazi wa kijiji cha Bule, ambaye mguu wake ungekatwa kisipowekwa upesi.

Katsuva alikigeuzageuza kwa uzalendo mkubwa.

“Dokta, hii mufupa iko na matundu!”

“Njo vile, Sitwayeni. Mufupa ya mugonjwa inaingia mu ile matundu, inamea. Kisha hii yetu inayeyuka yenyewe.”

“Inayeyuka? Mali ya Serikali?”

Katsuva alijua wajibu wake. Kwa mujibu wa mamlaka aliyojipa, aliamuru mifupa yote izibwe matundu, isuguliwe, ipigwe mhuri, na isiyeyuke kamwe. Barabara za mtaa wa Nyakasanza zilikuwa na mashimo ya kutosha, hakukuwa na haja ya kuyahamishia mwilini mwa raia. Kamati ikapitisha sheria hiyo, hadi kifungu chake cha mwisho. Kile kipande cha aibu kikatupwa nje, daktari akakiokota, akakichemsha, akamwekea Mama Émilienne kimyakimya.

Siku ya uzinduzi Katsuva alipanda jukwaani na suti mpya ya abakosti, akacheza kidogo kulisifu Taifa. Ubao ukakatika. Muundi wake ukasagika kama muhogo mkavu.

Hospitalini ukubwa wote ulimtoka. Aliogopa, maskini, aliogopa kweli.

“Dokta, miye unitilie ile ya matundu.”

“Ile iko mu muguu ya Mama Émilienne. Amesharudia Bule, anatembea. Naweza oka ingine, lakini Président njo alikataza.”

“Naifuta ile sheria! Sasa hivi!”

Naibu wake, Assani, aliyekuwa amekwisha kuvaa sura ya mrithi, alikohoa kwa heshima.

“Président mwenyewe njo alitunga artikle ya mwisho. Sheria inafutwa na Président akiwa amesimama mbele ya bendera.”

Wajumbe, watu watiifu, wakaileta bendera, wakainyoosha vizuri miguuni pa kitanda. Katsuva aliutazama mguu wake, kisha akawatazama, machozi yakimlengalenga.

“Tunangojea,” alisema Assani. “Président asimame.”