Cheti cha Tangi Tupu

Shirleen, anayefanya kazi nyumba ya jirani hapa Riyadh, anadai kwamba bosi wetu alisukuma gari kule Jeddah kwa mikono yake mwenyewe, kanzu ameipandisha magotini, huku analia. Ameambiwa na dada yake anayekaa Al-Mahjar, huko huko Jeddah, ambaye naye hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Kwa wadhifa wangu wa Mtunza Daftari la Maombi wa nyumba hii, natangaza rasmi kwamba Baba, ndivyo tunavyomwita bosi, hakusukuma gari. Alingoja zamu yake.

Baba alistaafu ofisi kubwa, lakini ofisi haikumstaafu; alihama nayo nyumbani. Mhuri alichongesha sokoni Al-Dirah. Mfanyakazi akitaka kitu anaandika ombi, ombi linapewa namba, na maombi yanajibiwa kwa zamu. Hakuna kuruka foleni. Daftari nilipewa mimi kwa sababu mwandiko wangu wa darasa la nane unasomeka na kwa sababu, alivyosema Madam, mke wake, sina haraka.

Ombi namba kumi na saba lilikuwa la Danson, dereva wetu, mtu wa Nyahururu. Aliomba likizo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye akiwa huku. Sasa ana miaka mitatu, na akiulizwa baba yako yuko wapi, anaonyesha simu. Ilimpasa Baba abonyeze simu yake tu, kibali cha kutoka nchini na kurudi kitoke. Kila Danson alipouliza alijibiwa, "Inshallah, bukra." Hiyo bukra, yaani kesho, ilitimiza miezi kumi na moja. Wafanyakazi wengine wote wakaacha kuandika maombi kabisa, jambo ambalo Baba aliwaeleza wageni kuwa ni dalili ya kuridhika.

Sasa, gari. Ni la mwaka 1962, rangi ya samli, lililolala gereji miaka minne na petroli tumboni. Yalipotangazwa maonyesho ya magari ya kale Jeddah, Danson alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akafunga.

"Petroli imeoza, Baba. Inanuka kama rangi ya mlango. Tukiwasha nayo tunaua injini. Nipe beseni na spana, nifungue nati ya chini ya tangi. Nusu saa, halas."

"Nusu saa?" Baba aliumia. "Shughuli nzito kama hii?"

Ikaundwa Kamati ya Uondoaji wa Petroli. Mwenyekiti, Baba. Makamu, mpwa wake, ambaye amewahi kupanda gari. Mshauri wa Usalama alikuwa shemeji yake, Abu Nayef, aliyefika na sigara inawaka. Vilifanyika vikao sita. Kikao cha tatu kilihusu rangi ya beseni.

Siku yenyewe Danson alichomoa waya wa betri, akafungua milango yote hewa ipite, akalala chini ya gari.

"Mzee," alimwambia Mshauri kwa adabu, "nenda kasimame getini utuangalizie usalama ukiwa huko."

Nikaandika: Mshauri amehamishiwa getini. Nati ikalegea, petroli ikatoka nyekundu kama chai ya rangi iliyolala, kutu inaelea ndani. Danson aliichuja kwa kitambaa, akaifungia kwenye jerikeni ya chuma. Kazi ilichukua nusu saa. Hotuba zilichukua saa mbili nzima.

Kisha kikatoka cheti, na juu ya kifuniko cha tangi ikabandikwa lakiri ya karatasi yenye mhuri: Tangi hili ni tupu. Litatiwa petroli kwa ombi lenye namba tu. Atakayevunja lakiri amepoteza likizo.

"Na petroli mpya, Baba?" Danson aliuliza.

"Kamati ilipewa kazi ya kutoa," Baba alisema. "Usichanganye idara."

Gari likapelekwa Jeddah juu ya lori. Sisi tulifuata, mimi na daftari langu mapajani. Kule kila gari lilitakiwa lipite mbele ya waamuzi kwa injini yake yenyewe. Mgeni wa heshima alikuwa mkubwa wa zamani wa Baba kazini. Baba alimwonyesha cheti, akamwonyesha na daftari.

"Kwangu hata mimi siruki foleni," alisema.

"Nchi ingekuwa na watu kumi kama wewe," mkubwa alisema.

Tukaitwa. Baba akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa kha, kha, ikanyamaza.

Danson alikuwa amesimama kando na jerikeni ya petroli mpya aliyoinunua asubuhi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Yalla, tia," Baba alisema.

"Kuna lakiri, Baba. Nikivunja bila namba, likizo yangu imeenda."

Wakaniangalia mimi. Nikafungua daftari, nikaandika ombi la Baba: petroli, lita kumi. Namba kumi na nane.

"Mbele yake kuna kumi na saba," nilisema.

"Rosebellah, anza na kumi na nane."

Hilo nalo ni ombi. Nililipatia namba kumi na tisa.

Mkubwa alivaa miwani, akasoma daftari. "Huyu wa kumi na saba anataka nini miezi kumi na moja?"

Magari ya nyuma yalikuwa yanapiga honi. Baba alitoa simu, akabonyeza mara mbili. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Simu ya Danson ikalia mfukoni. Aliisoma, akaisoma tena, ndipo akavunja lakiri.

Gari lilipita, la mwisho, likapewa cheti cha kushiriki. Kuhusu machozi, Shirleen ana haki kidogo. Yalikuwepo, ila hayakuwa ya Baba.

Huu ni mwezi wa pili Danson yuko Nyahururu. Gari limelala gereji tena, na ile petroli iliyobaki imeanza kunuka. Baba ameandika ombi kwa mkono wake mwenyewe, bila kikao, nami nikalipatia namba ishirini: Danson arudi upesi, tafadhali, hata wiki hii. Nililigonga mhuri wa kupokelewa, nikalipiga picha, nikamtumia Danson. Ameiona, tiki zimegeuka bluu.

Kila asubuhi Baba husimama mlangoni pa jikoni.

"Rosebellah, amejibu?"

"Inshallah, Baba," namwambia, huku nammiminia gahawa. "Bukra."