Bara Zima Ndani ya Chumba cha Pacha

Marekani nzima, bahari hadi bahari, inaenea ndani ya chumba kimoja cha kulala. Usibishe. Mkurugenzi alishaipima kwa futi kamba.

Mkurugenzi ni jina alilojipa mwenyewe, na watu wakalikubali kwa sababu kubishana naye kunachosha. Kazini ni karani wa ghala la rangi: ukija na risiti anakupa kopo, na juu yake anakuongezea mhadhara. Marekani hajafika. Treni amepanda mara moja maishani, akalala tangu kituo cha kwanza mpaka alipoamshwa na mfagiaji. Lakini mwulize habari za reli za Marekani, utajuta ulikuwa na mdomo.

"Reli zetu sisi kule," anasema, "zinapasua milima."

Sisi kule! Mtu ambaye bomba la jikoni linamdondokea na amelishindwa, leo anapasua milima.

Balaa lilianza siku alipoingia nyumbani na sanduku ambalo lilipita mlangoni kwa ubavu. Ndani mlikuwa na injini nyeusi ya Kimarekani na mabehewa, kila moja refu kama mkono wa mtu mzima. Mfano wa treni, kipimo kikubwa. Ole wako uiite treni ya watoto. Shemeji yake, fundi wa friji, aliiita hivyo, akanuniwa mpaka akaomba radhi kwa kosa ambalo hadi leo halielewi.

Sasa, chumba cha pacha kilikuwa wazi. Mabinti wote wawili walikuwa wameolewa, wakaondoka na vitanda vyao, na mama yao alikuwa anakingoja chumba hicho kwa hamu. Mama Pacha ni fundi cherehani. Miaka yote ameshonea kwenye korido, kati ya friji na mlango wa choo. Mtu akibanwa lazima aseme samahani, mama wa watu anyanyue kitambaa, akunje miguu, mtu apite. Sare za shule za mtaa mzima zimeshonwa pale huku zikirukwa na watu wenye haraka.

"Chumba ni changu," alisema. "Nimekisubiri mpaka watoto wamepata waume."

"Mke wangu, wewe unafikiria mashati. Mimi nafikiria bara."

"Bara gani?"

"Marekani ya Kaskazini."

Mama Pacha alijua kwamba kumkatalia ni kumpa nafasi ya kuhutubia, na alikuwa na kazi za watu. Kwa hiyo akamwekea sharti. Mume ajenge reli yake. Siku ya uzinduzi treni itoke kituoni, izunguke chumba kizima, irudi kituoni bila mkono wa mtu kuigusa. Ikifika, chumba ni cha Mkurugenzi moja kwa moja, na yeye atabaki kwenye korido yake bila kusema neno. Ikianguka, siku hiyohiyo cherehani inaingia na Marekani inatoka.

"Na mama yangu atakuwepo, awe shahidi," akaongeza.

Mkurugenzi akacheka cheko la watu wakubwa. "Mwalike na ukoo mzima."

Ujenzi ukaanza. Akaunda meza ya mbao inayofuata kuta zote nne, usawa wa kifua chake, maana Wamarekani, anasema, hawaitazami treni kwa juu kama kifaranga. Wanaitazama usoni. Katikati akaacha nafasi ya kusimama mtu mmoja mwenye cheo, pamoja na swichi zake. Chini ya meza akaziba kwa mbao mpaka sakafuni, usionekane waya hata mmoja. Milima ya upande wa dirisha aliitengeneza kwa magazeti na plasta, ikapanda mpaka ikakaribia dari, na mwanga ukapungua ndani. Mchanga wa jangwa akauchekecha kwa chekeche la unga la jikoni, ndiyo maana mikate ya nyumba ile ilikuwa inalia chini ya meno. Ng'ombe alinunua wa plastiki, na kila ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko stesheni.

"Mbona huyu ng'ombe anaweza kuimeza stesheni?" aliuliza shemeji.

"Hujafika Marekani wewe."

"Na wewe je?"

"Tunazungumza habari zako."

Palikuwa na jambo moja tu lililomnyima usingizi. Mbele ya mlango, meza ilikuwa na pengo, na juu ya pengo alilaza daraja la mbao, nalo limezibwa chini mpaka sakafuni kama meza yenyewe. Akitaka kuingia au kutoka, alilinyanyua, akapita, akalirudisha, kama mwenye duka anavyofunua kaunta yake. Lakini kila likirudishwa, reli za darajani hazikukutana sawasawa na reli za mezani. Zilipishana unywele tu, ila injini ya Kimarekani haina subira na nywele. Ikifika pale inapiga magoti, na mabehewa yanakuja nyuma yanailalia mgongoni.

Alijaribu asubuhi, ikaanguka. Alijaribu akitoka kazini, ikaanguka. Huko kwenye korido, Mama Pacha kila akisikia kishindo alitabasamu, akakanyaga cherehani kwa nguvu mpya. Alikuwa ameshachagua hata rangi ya pazia.

Tuseme kweli, Mkurugenzi aliogopa. Ghalani watu wote wanamwamuru, hata dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo. Nyumbani, unajua mwenyewe. Chumba kile kilikuwa mahali pekee chini ya jua ambapo alitoa amri na kitu kikasogea. Hakuwa tayari kukiachia mashati.

Ikafika Jumamosi ya uzinduzi. Wageni walikuwa wameshaanza kuvua viatu sebuleni, mama mkwe ameshapewa kiti kizuri, ndipo akili ilipomjia. Kama daraja linaleta shida kwa sababu linanyanyuka, basi lisinyanyuke! Akashangaa kwa nini jambo jepesi namna hiyo halikumjia mapema. Akamwita shemeji asimame upande wa mlango, yeye mwenyewe akiwa ndani kwenye swichi zake. Wakalinganisha reli mpaka ukipitisha kucha huhisi kitu. Wakapaka gundi, ile inayokamata kabla hujamaliza kupaka. Kisha akampa shemeji bisibisi na skrubu ndefu, mbili kila kona.

"Shemeji, una hakika?"

"Kaza."

"Maana nikiangalia, hili daraja likishakaa hapa..."

"Kaza, bwana. Wewe ni fundi wa friji. Mambo ya reli niachie mimi."

Shemeji akamtazama, akalitazama daraja, akamtazama tena. Kisha akakaza. Alikaza kwa moyo wake wote.

Watu wakaitwa. Wakajipanga kwenye korido, mama mkwe mbele ameegemea cherehani ya binti yake, wengine wakichungulia juu ya kilemba chake. Mkurugenzi alikuwa amevaa kofia ya dereva na amekunywa chupa nzima ya soda ili kulainisha koo, kwa kuwa hotuba ilikuwa ndefu. Alieleza upana wa bara. Alieleza baridi ya milimani. Alifungua chupa ya pili alipofika kwenye tambarare.

"Mkwe wangu," akasema mama mkwe kwa upole, "na inakwenda wapi?"

"Magharibi, Mama."

"Mbona naona inarudi hapahapa?"

"Ndiyo ukubwa wenyewe, Mama," akajibu, na kabla hajaulizwa ukubwa gani, akabonyeza swichi.

Injini ikapiga honi. Ikatoka kituoni, ikapita miguuni mwa ng'ombe, ikaingia jangwani. Ikapotea mlimani. Mama Pacha alikuwa amekunja kitambaa mikononi, amekibana. Ikachomoza upande wa pili. Ikalikaribia daraja. Mkurugenzi alifumba macho, kwa hiyo sehemu hii alisimuliwa baadaye: ilipita kama inateleza kwenye siagi, behewa baada ya behewa, ikaenda ikasimama kituoni.

Alipofumbua macho, machozi yalimtoka. Yalikuwa machozi halali.

"Imefika, na hakuna aliyeigusa," akatangaza mama mkwe. "Mwanangu, umeshindwa."

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Akakitandaza kile kitambaa juu ya cherehani yake, palepale kwenye korido, akakinyoosha kwa kiganja. Ilimuuma, na usingehitaji kuambiwa. Lakini ahadi ni ahadi.

"Chumba ni chako," akamwambia mumewe. Akawageukia wageni. "Karibuni mezani, chakula kinapoa."

Watu wakaenda sebuleni. Mkurugenzi akabaki kidogo akiifuta injini kwa leso, mtu mwenye furaha kuliko wote mjini. Kisha akasikia sahani zinagongana, akakumbuka njaa, akashika daraja alinyanyue.

Daraja likatulia.

Akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, akaweka na guu kwenye mbao za meza. Skrubu zile alizikaza mtu aliyeambiwa akaze, na vichwa vyake vilikuwa upande wa mlango, ng'ambo. Akainama apite chini ya daraja, akakutana na mbao zake mwenyewe, zimepigwa misumari kwa ustadi mkubwa. Akajaribu kupita juu. Meza ilikuwa usawa wa kifua, na tumbo lake si la kuvuka mipaka. Lilifika jangwani salama, miguu ikabaki inaning'inia nyuma, mlima ukaanza kulia kra, kra. Akarudi chini polepole, ana mchanga mpaka kwenye nyusi.

Hapo ndipo soda ilipoanza kudai.

Na choo alikuwa anakiona! Mlango ulikuwa wazi, na choo kilimkodolea macho kutoka upande wa pili wa korido.

Shemeji akapita na sahani mkononi. "Shemeji, huji kula?"

Angeweza kusema. Angesema tu, "Shemeji, leta bisibisi," na hadithi yetu ingekwisha hapo. Lakini angeanzaje, na mwenyewe ndiye aliyemwambia shemeji mambo ya reli amwachie?

"Mkurugenzi haachi kituo wakati injini ina moto," akasema, huku amebana magoti.

"Sawa, Mkurugenzi," akajibu shemeji, akaondoka anatafuna.

Akajikaza kisabuni. Akahesabu ng'ombe. Akakaa akaona kukaa ni kubaya zaidi, akasimama. Mwisho akatoa simu mfukoni ampigie mkewe kwa siri. Masikini, hakujua kwamba simu ya Mama Pacha wakati huo ilikuwa mikononi mwa mama yake, anayeangalia picha za arusi za wajukuu. Ikalia. Bibi wa watu akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Mpenzi," akanong'ona Mkurugenzi, "njoo upesi, njoo peke yako. Nimejigundisha humu ndani na nakaribia kujikojolea."

"Mkwe wangu," ikajibu sauti yenye heshima zake zote, "ngoja nikuitie mwenyewe."

Alitamani mlima umwangukie. Kule sebuleni mtu alikohoa kikohozi kisicho cha kifua, kijiko kikaanguka, halafu Mama Pacha akatokea kwenye korido, uso mkavu kabisa.

"Leta bisibisi, mke wangu. Au msumeno. Chochote."

"Ya nini? Chumba si chako? Umeshinda kihalali, na shahidi yupo."

"Mama Pacha, nakuomba."

"Mimi nabaki kwenye korido yangu. Ndivyo tulivyopatana." Akavuta kiti, akakaa, akaingiza uzi kwenye sindano, akaanza kushona shati la mtu, polepole kama hana haraka hata ya kesho.

Mkurugenzi alikunja miguu kama mkasi. "Unataka nini?"

"Upande wa dirisha," akasema bila kuinua kichwa. "Pana mwanga."

"Ile ni milima!"

Cherehani ikaendelea.

"Basi chukua nusu ya milima."

Cherehani ikaendelea.

"Yote. Chukua milima yote."

"Na jangwa."

"Jangwa utafanyia nini wewe?"

"Nataka meza ya kukatia vitambaa. Tena naona imeshakaa usawa mzuri, mgongo hautaniuma."

"Na jangwa," akasema Mkurugenzi, kwa sauti ya mtu anayesalimisha nchi.

Mama Pacha akakata uzi kwa meno, akaita kaka yake. Shemeji alikuja baada ya kunawa mikono, akaifuta, kidole kimoja kimoja. Gundi nayo iligoma, ikabidi msumeno. Daraja lilipokatika, Mkurugenzi alipita juu ya vipande vyake, juu ya kitambaa cha shati, juu ya miguu ya mkewe, bila kusema samahani, na mlango wa choo ukafungwa kwa kishindo. Sebuleni walisubiri kwa adabu mpaka aliposhusha pumzi, ndipo wakacheka.

Siku hizi Mama Pacha anashonea dirishani, na pazia lipo. Reli imebaki kipande kimoja kilichonyooka, kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kukatia. Treni haizunguki tena. Inakwenda mbele, inarudi kinyumenyume. Jioni akitoka ghalani, Mkurugenzi huvaa kofia yake, huketi mlangoni na swichi mkononi, na kutoka dirishani humjia sauti.

"Lete vifungo vyeupe. Na usipige honi, nina mteja."

Treni ya bara huondoka taratibu, bila honi.